Vichwa vya Mwatiko wa Kiswere

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kisu butu, beseni la vichwa vya samaki, na mtu wa kunicheka. Mchekaji alikuwa Afisa Uvuvi wa Wilaya, pale Lindi mjini, bwana mnene aliyekuwa akipandisha miwani kwenye paji la uso halafu anaitafuta mezani. "Wewe Mmwera wa Rondo," aliniambia, "samaki umewaona wapi?" Nikamjibu nimewaona, wakavu, kwenye tenga la mchuuzi. Alicheka mpaka miwani ikadondoka, akaipata. "Basi leo utawaona na vichwa vyao," akasema, akaniacha na beseni.

Vijana mnaosoma haya, msidhani nilikuwa mtu wa bahari. Kwetu Rondo ni muhogo, mbaazi na korosho. Bahari niliiogopa siku ile na hadi leo tunasalimiana kwa mbali. Kazi yangu yote, tangu beseni lile hadi nastaafu, ilikuwa ndani ya vichwa. Watu walituita Bwana Samaki, kama vile yule wa kilimo anavyoitwa Bwana Shamba, na jina hilo likanishika kuliko nililobatizwa.

Nieleze kidogo kazi yenyewe. Samaki ana sikio, ila nje hulioni. Ndani ya fuvu, chini ya ubongo, ana vijiwe vyeupe viwili viwili, ukubwa wake sawa na punje ya mchele au zaidi kidogo. Sisi tuliviita vijiwe vya sikio. Samaki anavyokua, kijiwe nacho huongeza tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hubaki na chembechembe za maji aliyokuwa akiishi wakati huo. Maji ya bahari yana madini ya strontiamu kwa wingi. Maji ya visima na mito ya huku kwetu yana bariamu zaidi. Ukikigandisha kijiwe kwenye gundi ngumu, ukakisugua kwa msasa laini mpaka kibaki chembamba, mashine ya maabara kuu inakisoma kutoka kiini hadi ukingoni. Itakwambia huyu alizaliwa hapa, akahamia pale, akafia pale. Kwa njia hiyo unamjua samaki wa asili na samaki aliyefugwa, hata wakilala kwenye sahani moja.

Nilikipenda kijiwe kwa sababu hakina mjomba. Binadamu nilikuwa siwaamini, nikiri hilo mapema. Mke wangu husema nilizaliwa nikimtazama mkunga kwa jicho la pembeni. Mtu akiniambia "kweli kabisa, Bwana Samaki", hilo "kabisa" ndilo linalonitia wasiwasi.

Kutoka Lindi nilipelekwa Rutamba. Kulikuwa na mradi uliopanda vifaranga vya perege ziwani, na Mkuu wa Mradi alikuwa akiwaambia wageni kwamba kila perege anayevuliwa pale ni mtoto wake. Machale yakanicheza. Vifaranga vyake vilizaliwa kwenye mabwawa ya maji ya kisima, ziwa nalo lina maji yake. Nikachukua vichwa kwa wavuvi, nikavituma vijiwe. Majibu yakaja kwamba wengi wao walizaliwa ziwani humo humo, hawakumjua Mkuu wa Mradi wala bwawa lake.

"Bwana Samaki, unaniharibia sherehe," aliniambia, bado anatabasamu.

"Mimi nasoma tu, mkuu."

"Na wengine wanasoma, lakini hawasomi kwa sauti."

Haukupita muda nikahamishiwa Kilwa Masoko. Barua ilisema napandishwa cheo. Mpaka leo siamini.

Kilwa Masoko ndiko nilikokutana na Mkuu wa Maabara, mama mmoja mwembamba, mwepesi wa kutembea na mwepesi wa kukasirika. Sheria yake ilikuwa moja: anayekata kichwa ndiye anayebandika lebo, na anayebandika lebo ndiye anayetia sahihi. "Sitaki kusikia nilimpa fulani anishikie," alikuwa akisema. "Sampuli si mtoto, haishikiwi." Kwa hilo nilimheshimu sana. Nilidhani nimempata mwenzangu, mtu asiyeamini mtu.

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu ilipokuja kesi ya Kiswere. Huko kulikuwa na shamba la samaki, mabwawa ya mwatiko yaliyochimbwa nyuma ya mikoko. Mwatiko ni samaki mweupe mwenye miba mingi na nyama tamu. Bwawa lilijazwa maji ya bahari kwa mlango, na kiangazi, chumvi ikizidi, waliongeza maji ya kisima. Pembeni ya mabwawa, kwenye mkono wa bahari, palikuwa na wando wa mjane mmoja, Bi Zuhura. Wando ni uzio wa fito: maji yakijaa samaki wanaingia, yakipwa wanabaki. Aliachiwa na mumewe, na watoto wake watatu walikula na kusoma kwa wando huo.

Asubuhi moja walinzi wa shamba walimkuta anapanda kutoka majini na tenga limejaa mwatiko. Wakasema amewaiba bwawani. Yeye akasema ni wa wando. Wakamtembeza na tenga lake kichwani, kutoka getini mpaka ofisi ya mtendaji wa kijiji, watu wamejipanga kutazama. Kesi ikafunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Akitiwa hatiani angefungwa, na pale penye wando Meneja wa shamba alishapaomba siku nyingi ili aongeze bwawa. Niliposikia hilo la kuongeza bwawa nikasema moyoni, ala, kumbe.

Mahakama ikataka ijulikane samaki wale ni wa bahari au wa kufugwa, nami nikatumwa kuchukua vichwa. Nilifika kesho kutwa yake. Mtendaji, kijana mwenye adabu na simu mbili, alinipokea kwa shikamoo ndefu. Alinieleza kwamba kijijini hakukuwa na barafu siku ile, kwa hiyo tenga lilipelekwa nyumbani kwake, na mkewe, Mama Shani, akawapasua samaki na kuwatia chumvi wasioze. Miili ilikuwa juani, ng'onda safi, ikisubiri kupelekwa polisi kama kielelezo.

"Na vichwa?" nikauliza.

"Vipo. Mama Shani! Bwana Samaki anataka vichwa."

Sauti ya Mama Shani ikajibu kutoka jikoni: "Naviosha, nakuja." Nikakaa barazani nikanywa uji na baba yake mtendaji, mzee mkubwa, mpole, asiye na meno ya mbele. Tulizungumza habari za korosho. Uji ulinywewa ukaisha, na vichwa bado vinaoshwa. Hatimaye Mama Shani akaja na beseni, ushungi umefunika mdomo, akaliweka chini bila kunitazama. Nikatoa vijiwe palepale, nikabandika lebo, nikatia sahihi. Vichwa vyenyewe nikavifunga kwenye mfuko, nikarudi navyo kuvigandisha, maana mimi situpi kitu.

Majibu yalichukua miezi. Yalipokuja, Mkuu wa Maabara aliniita ofisini. Vijiwe vyote vilikuwa na bariamu nyingi kwenye matabaka ya nje, mpaka ukingoni kabisa. Maana yake samaki waliishi kwenye maji yaliyochanganywa na kisima hadi siku ya kufa. Hata ungesema walitoroka bwawani wakaingia wando wenyewe, ukingo ungeonyesha bahari walau kidogo. Haukuonyesha.

"Kesi imekwisha," akasema Mkuu. "Andika, nitie sahihi."

"Mama, vijiwe hivi vimelingana mno."

"Vimelingana vipi?"

"Ukubwa. Vyote saizi moja. Wando haukamati samaki wa umri mmoja. Wando unakamata mjukuu na babu."

Alinitazama. "Bwana Samaki, unastaafu lini?"

"Karibuni."

"Basi usinistaafishe na mimi. Andika."

Sikuandika. Nikatoa vile vichwa vilivyoganda, nikaenda navyo polisi, nikaomba nione ng'onda. Polisi waliniona mwehu, lakini walinifungulia. Nikaanza kulinganisha kichwa na mwili, mmoja mmoja. Wapi! Miili ilikuwa mikubwa kwa midogo, na vichwa vyote saizi ileile. Ukiweka kichwa juu ya mwili ni kama kufunika sufuria kwa kifuniko cha jirani. Zaidi ya hapo, vichwa havikuwa na matamvu, yale mashavu mekundu ya kupumulia. Yalikuwa yametolewa vizuri, kwa ustadi. Mvuvi wa wando hana muda wa kutoa matamvu. Shamba ndilo linalotoa, kwa sababu linapeleka minofu hotelini na kuuza vichwa getini.

Hapo damu ilinichemka. Nikampanga Meneja wa shamba katika nafasi ya kwanza ya tuhuma, mtendaji ya pili, na dereva wangu ya tatu, maana siku ile aliniacha akaenda kununua madafu akakawia. Njia nzima ya kwenda Kiswere nilimtazama dereva kwenye kioo. Maskini, aliniuliza kama naumwa.

Nilifika mchana, nikamvaa mtendaji bila salamu ya maana. "Nani alikupa vichwa vile?"

"Vichwa gani tena, Bwana Samaki?"

"Usinifanye mtoto. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na aliyeniuzia ni wewe au mwenzako wa kule mabwawani."

Uso ulimshuka. Akaapa kwa Mwenyezi Mungu, tena akasema "kabisa", nikazidi kumtilia shaka. Lakini ilikuwa saa ya chakula, na huku Pwani hata ukija kumkamata mtu utaambiwa karibu chakula kwanza. Tukanawa, tukakaa mkekani, mimi, mtendaji na baba yake. Kulikuwa na wali na changu wa nazi. Vipande viliwekwa mbele yetu, na bakuli dogo lenye kichwa likawekwa mbele ya mzee peke yake. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyegawa. Lilikwenda lenyewe kwa mwenyewe.

Mzee akala kichwa chake taratibu, anafyonza, anageuza. Kisha nikasikia ti! kwenye ukingo wa sahani ya bati. Ametema kijiwe. Jamani, sauti ile naijua hata usingizini.

Kwetu Rondo firigisi ya kuku ni ya baba. Mama yangu alikuwa radhi tulale njaa kuliko firigisi iingie mdomo mwingine. Nikamtazama mzee, nikatazama bakuli.

"Mzee wangu," nikasema, "wale mwatiko wa Bi Zuhura, vichwa vyake uliletewa?"

"Baba umuulize nini?" mtendaji akaingilia.

"Mwache," mzee akasema. "Ee, nililetewa. Siku ile, na kesho yake tena. Kwa nazi. Mkwe wangu ananitunza, sina la kumlalamikia."

Kule jikoni kijiko kiliacha kukwangua sufuria.

Mama Shani hakuzungumza mbele ya mkwewe. Alimwita mumewe uani, halafu mumewe akaniita mimi. Alikuwa analia, na hasira juu.

"Ningesemaje, Bwana Samaki? Umekuja mgeni, na gari la serikali, unataka vichwa. Nikwambie baba mkwe amekula? Nimtaje baba mkwe na tumbo lake, naye kakaa hapo barazani ananisikia, mbele ya mwanamume nisiyemjua? Sina adabu kiasi hicho. Nikapita nyuma ya nyumba, nikaenda getini kwa wauza vichwa, nikaleta vya idadi ileile. Mwatiko kwa mwatiko. Nikajua unataka kichwa, kichwa si kichwa?"

"Si kichwa, mama," nikasema. "Hicho kichwa kinamfunga mtu."

Akakaa chini palepale kwenye kinu. "Zuhura?" akauliza. "Zuhura tumecheza wote unyago."

Nilitamani kucheka na nilitamani kulia. Miezi yote ile nilikuwa nimemjengea Meneja gereza kichwani mwangu, na Meneja hakufanya kitu. Sikumpenda na simpendi, lakini hilo si lake. Mwanamke huyo alikuwa amemstahi mkwewe, basi, na heshima hiyo ilikuwa inampeleka rafiki yake jela.

Nikaomba chekecheke. Nyuma ya jiko kulikuwa na jaa la majivu na miba, nikalichekecha mwenyewe hadi jua likapoa, Mama Shani akinisogezea ndoo. Kijiwe hakiozi upesi, na kuchemshwa kwa nazi hakukibadilishi madini yake. Tena kila aina ya samaki ina kijiwe cha umbo lake, kwa hiyo vya mwatiko nilivitambua kati ya vya changu na tasi. Nilivipata vya kutosha, vikubwa na vidogo.

Mkuu wa Maabara alivitazama kwenye kiganja changu akatikisa kichwa. "Vya jaani si sampuli. Utaapa kwamba hawa ni samaki wa Bi Zuhura, si mwatiko wengine walioliwa nyumba hiyo mwaka huu?"

Nikafikiri. Nikasema, "Siwezi kuapa."

"Basi mahakamani haviendi. Kwenye mashine vipeleke, roho yako itulie. Na yale ya mwanzo, andika kwamba vichwa si vya miili ile. Hilo nitatia sahihi kwa mikono miwili."

Siku ya hukumu mzee alikuja mwenyewe, kanzu nyeupe, kofia, bakora. Hakuitwa. Mtendaji alimzuia mlangoni, mzee akampita. Akasimama mbele ya hakimu, akasema, "Mheshimiwa, mkwe wangu asiguswe. Ushahidi niliula mimi. Nilipikiwa, nikala, na ulikuwa mtamu."

Mahakama nzima iliangua kicheko. Hakimu naye aliinamia karatasi zake kwa muda. Kesi ikafutwa, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuthibitisha kwamba mwatiko wale walitoka bwawani. Mtu mmoja tu hakucheka, Bi Zuhura. Alikunja leso yake, akatoka.

Nilidhani amepona. Kumbe kufutiwa kesi na kusafishwa ni vitu viwili. Tulipokuwa bado uwanjani nilimsikia mtu akisema, "Kaponea tumboni mwa mzee," na wengine wakacheka upya. Jina likamganda: Zuhura wa Bwawani. Nilisikia kwamba hata akiuza samaki, wateja walikuwa wakimuuliza kwa kejeli kama leo walinzi walilala.

Nikastaafu. Nilikabidhi ofisi, darubini na funguo, nikapanda zangu Rondo kwenye mbaazi. Vijana wengi huniuliza, mzee, kustaafu kukoje? Nawaambia kunachosha. Ukiwa kazini mashaka yako yana mshahara, watu wanayaita umakini. Ukistaafu, mashaka yaleyale yanaitwa uzee. Nilikaa nikiwashuku kuku wa jirani.

Siku moja Mkuu wa Maabara alinipigia simu. Majibu ya vijiwe vya jaani yamerudi. Strontiamu juu, kutoka tabaka la utoto mpaka ukingoni, hakuna dalili ya kisima hata kimoja. Samaki wa bahari, wote. "Nimekwambia kwa sababu najua hulali," akasema, akakata.

Nikaenda Kiswere. Nilimkuta Bi Zuhura magotini kwenye matope, anafunga fito za wando kwa kamba. Aliniamkia shikamoo bila kusimama. Nikamweleza yote, strontiamu, ukingo, bahari. Nilieleza vizuri, nadhani nilitarajia afurahi.

Akaendelea kufunga. "Sasa hayo majibu umemletea nani, Bwana Samaki?"

"Wewe."

"Mimi wa nini? Mimi nilikuwepo nilipowavua." Akakaza fundo kwa meno, akainuka. "Nilitembezwa na tenga kutoka pale getini, watu wananitazama. Walioniona ni wao. Waambie wao."

Nikamwambia sina barua, sina ofisi, nimestaafu. Nikamwambia na lile la kutoweza kuapa, kwamba ni vijiwe vya jaani, kwamba Mkuu mwenyewe alisema si sampuli. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe mwenyewe unaamini nini?" akaniuliza.

Lo! Kazini kwangu kote hakuna bosi aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Tulikwenda getini. Wanawake walikuwa wamepanga foleni ya kununua vichwa, Mama Shani mmoja wao na mabeseni mawili, wachuuzi wa baiskeli wanasubiri minofu, walinzi walewale wamekaa kwenye benchi. Meneja akatoka kuona kuna nini. "Mzee una barua?" akaniuliza. Nikamwambia sina. Lile jicho langu la pembeni, lililonilinda maisha yangu yote, likaniambia ongeza neno "huenda". Weka "huenda", Bwana Samaki, usije ukaumbuka.

Sikuliweka. Nikasema: "Mimi ndiye niliyevipima vijiwe. Samaki wa Zuhura walikuwa wa bahari. Hakuiba."

Mlinzi mmoja akatazama viatu vyake. Mama Shani akaweka mabeseni chini.

Bi Zuhura alikuwa amesimama kando yangu, matope yamemkaukia hadi magotini, anawatazama mmoja mmoja kama walivyomtazama yeye siku ile. Kisha akanigusa kiwiko.

"Rudia, Bwana Samaki," akasema. "Wale wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia.